Kuku wa Mtani

Mahfudh bin Aqil aliporudi kutoka Uingereza na cheti chake cha uwakili, nusu ya Likoni ilimjia wiki ile ile kumwuliza habari za mipaka ya mashamba, na nusu iliyobaki ilikuja kumtazama tu. Alikuwa na miaka ishirini na minane, miwani minene, joho jeusi, na zile nywele za bandia za singa za farasi, ambazo aliyezibuni hakuwahi kukaa Mombasa mwezi wa pili. Alikuwa mtu wa adabu, mwenye lugha safi, na mzaha haukumjua wala yeye hakuujua. Bi Kuluthum, mama yake mdogo aliyemlea, alizoea kusema kwamba mtoto huyu alizaliwa amekunja uso hata mkunga akamwomba radhi.

Kesi ya kunyonga hakuitafuta. Mwaka ule wa sitini serikali ya kikoloni ilikuwa na huruma yake ya ajabu: maskini akishtakiwa kwa kuua, haikumnyonga kabla ya kumtafutia wakili wa bure. Mawakili wakubwa walikuwa na shughuli zao, jina la Mahfudh lilikuwa jipya kwenye orodha, basi faili likamwangukia. Lilikuwa na kurasa kumi na moja. Kufikia ukurasa wa tatu, mteja alikuwa amekwisha kujinyonga mwenyewe kwa ulimi.

Mteja huyo aliitwa Thoya, mgema wa tembo la mnazi huko Mwakirunge, upande wa Kisauni. Aliyekufa ni Baya, mgema mwenziwe. Asubuhi moja ya mvua za vuli Baya alikutwa chini ya minazi, kichwa kimepasuka. Daktari aliandika kwamba jeraha laweza kuwa la rungu na laweza kuwa la kuanguka, akatia saini akaenda zake. Mambo yangeishia hapo. Lakini siku ya maziko, mbele ya umati wa watu na koplo mmoja wa polisi kutoka bara, Thoya alisimama ukingoni mwa kaburi akapaza sauti: "Huyu nimemuua mimi, na alichelewa kufa." Koplo akatoa daftari. Thoya alipopelekwa kwa hakimu, akaonywa kwamba halazimiki kusema neno, alisema yale yale, akarudia na matusi mengine ya pale kaburini, kwamba marehemu alikuwa mlafi na miguu yake ilikuwa ikinuka.

Mahfudh alimfuata rumande na kalamu mbili mpya. Alimkuta mtu mwembamba wa makamo, nyayo zake zimefanya sugu kwa kupanda minazi, ameketi kwa utulivu kama aliyekuja kungoja mgeni.

"Bwana Thoya, mimi ni wakili wako. Nataka uniambie kweli tupu. Ulimuua Baya?"

"Nilimuua," alisema Thoya kwa upole. "Mtu mwenye sura kama ile ungemwacha, bwana wakili?"

"Ulimuuaje?"

"Kwa kumtazama. Hakuzoea kutazamwa na watu wazuri."

Mahfudh aliandika, akafuta. Aliuliza tena kwa njia nyingine, akaambiwa kwamba Baya aliuawa kwa wivu, kwa sababu alikuwa akikoroma hata akiwa macho. Jambo moja lilimshangaza. Kila Thoya alipomaliza kusema alitazama ukutani, na usoni mwake hamkuwa na kicheko.

"Wajua kwamba watakunyonga?"

"Najua."

"Basi kwa nini husemi kweli?"

"Siwezi," alijibu Thoya, na safari hii mzaha haukuwamo. "Mdomo wangu haujafunguliwa."

Mahfudh alivuka kivuko kurudi Likoni akiwaza namna ya kuthibitisha wazimu. Aliogopa, hilo na tuliseme. Hakuwahi kushika uhai wa mtu mikononi, na huu ulikuwa ukimteleza huku mwenye uhai akifanya masihara. Adhuhuri alikaa mbele ya sinia la wali, akamsimulia Bi Kuluthum. Bi Kuluthum alicheka hata buibui likamdondoka begani, kisha akajifuta macho.

"Mwanangu, huyo ana akili zake timamu. Huyo ni mtani wa maiti."

"Utani gani wa kujipeleka kitanzini, mama?"

"Kwani hukumbuki alipokufa babuyo? Ulikuwa mdogo. Yule mzee wa Kidigo wa Bofu alikuja akalala mbele ya jeneza, yuwasema hapiti mtu, maiti huyu ndiye aliyemwibia ujana wake. Watu wakacheka, na mimi mfiwa nikacheka, na wallahi lau si kicheko kile siku ile ningezikwa na babangu. Tukampa ada yake, kuku mmoja. Alipoipokea tu akakaa kitako akalia kuliko sisi sote. Hawa jamaa zetu Wagiriama wana utani wa mlango kwa mlango, ukoo kwa ukoo, mkali kuliko wetu."

"Na mtani asipopewa ada?"

"Basi utani haujafungwa. Hawezi kumtaja maiti kwa neno la kweli, hata akatwe kichwa. Akifanya hivyo amemdhalilisha maiti na wafiwa pamoja. Na matanga hayaondoki."

Tonge la Mahfudh lilibaki hewani. Kesho yake asubuhi alikwenda sokoni akiwa na suti yake ya Uingereza, akanunua kuku, akampeleka rumande. Askari wa lango hakujua amwandike wapi, mwishowe akamwandika kwenye daftari la wageni: kuku mmoja, mzima. Thoya alipomwona wakili wake anaingia na kuku kwapani, miwani imepanda upande, alicheka kicheko cha kweli.

"Huyu wa wapi?"

"Wa Likoni. Ni ada yako. Sasa funga utani useme."

"Bwana wakili, ada hutoka mkononi mwa mfiwa, mbele ya watu. Wewe umefiwa na nani? Mrudishe nyumbani akatiwe mchuzini." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kadzo, mjane wake, alikuwa amekwenda kunishikia kuku mwenyewe. Aliporudi, mimi nilikuwa ndani ya gari la polisi."

Na hapo ndipo palipokuwa na fundo. Kadzo alikuwa shahidi wa serikali, kwa kuwa naye aliyasikia maneno ya kaburini. Sheria ilimkataza Mahfudh kumwendea shahidi wa upande wa pili na kumpangia la kusema, na Mahfudh alikuwa mtu wa kuifuata sheria hata ikimwelekeza shimoni. Mahali pekee alipoweza kuzungumza na mjane yule ni kizimbani, siku ya kesi, mbele ya jaji. Walimla yule kuku Ijumaa, na Mahfudh hakuona ladha yake.

Kesi ilianza mwezi wa pili, jua la kupasua vichwa. Jaji alikuwa Mwingereza mzee aliyesikiliza amefumba macho, watu wasijue kama amelala. Pembeni yake waliketi wazee wa baraza watatu, ambao kazi yao ni kumpa jaji maoni yao. Mkalimani aliitwa Ngala, kijana wa Kirabai aliyevaa tai na kuapa kila asubuhi kwamba atafasiri bila kuongeza wala kupunguza. Kiapo hicho alikishika mno.

Thoya alipoulizwa kama anakubali shtaka au anakana, alisema, "Nakubali, ila nasikitika sikuanza mapema." Ngala akafasiri bila kuongeza wala kupunguza. Jaji akafumbua jicho moja. Kwa kosa la kunyongewa mtu majaji hawapokei "nakubali" kwa wepesi, hivyo akaandika kwamba mshtakiwa amekana, akafumba tena.

Koplo alisoma daftari lake vizuri sana. Hakusema uongo hata neno moja. Aliyasikia maneno, akayaandika, akaeleza kwamba kwao mtu akisema ameua basi ameua. Wakili wa serikali akaketi ameridhika, na wazee wa baraza wawili wakaitikia kwa kichwa. Wa tatu, mzee mmoja wa Changamwe mwenye kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono, alikuwa akitazama dari na kujiuma mdomo.

Kisha akaja Kadzo, amejifunga kaniki, mikono mitupu. Wakili wa serikali akamwuliza kama alimsikia mshtakiwa akisema amemuua mumewe. Akasema alimsikia. Hakuulizwa zaidi.

Mahfudh akasimama. Aliliweka joho sawa, na salamu ya adabu ikamtoka kabla ya sheria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Jaji akataka kujua wamesema nini. "Mtukufu jaji," alifasiri Ngala, "wakili ameishika miguu ya shahidi, na shahidi ameridhia." Jaji alifumbua macho yote mawili, akaitazama miguu ya Kadzo, halafu mikono ya Mahfudh. Mahfudh aliiona sura ile, na kitu kikamfunguka kichwani. Kumbe kesi nzima ilikuwa hiyo. Kila mtu alifasiri neno sawasawa, na hakuna aliyeeleza linasemwa wakati gani na nani.

"Mama, uliposikia Thoya akisema amemuua mumeo, ulifanya nini?"

"Nilicheka."

Watu wakanong'ona. Wakili wa serikali akageuka kitini.

"Ulicheka kwa nini siku ya maziko ya mumeo?"

"Kwa sababu ndiyo kazi yake. Yeye ni mtani wetu, wa mlango wa pili. Asingesema hivyo ningeona mume wangu amedharauliwa. Alipotaja ile miguu ndipo nikaweza kupumua, maana tangu asubuhi nilikuwa sipumui."

"Haya uliwaeleza polisi?"

"Waliniuliza kama nilisikia. Nilisikia. Hawakuniuliza kama nilicheka."

Swali lililofuata Mahfudh hakujua jibu lake, na Uingereza walimfundisha asiulize swali la namna hiyo abadani. Aliuliza.

"Je, kuna kitu alichostahili kupewa huyu mtani na hajapewa?"

"Kiko nje," alisema Kadzo. "Askari wa mlangoni amenikataza kuingia nacho. Yumo kikapuni tangu alfajiri, hata maji hajapewa."

Wakili wa serikali aliruka. Alisema hii ni mahakama na si gulio, alisema kuku hana kiapo. Jaji alimsikiliza, akajifuta jasho chini ya nywele zake za farasi, akasema kwamba kwa miaka ishirini ameletewa mapanga, mishale na sumu mezani pale, na hajawahi kuogopa kuku. Aingizwe. Yule mzee wa Changamwe alikuwa amekwisha kujiziba mdomo kwa kofia, mabega yanamtikisika.

Askari akaingia na kikapu amekinyoosha mbali na sare yake. Kadzo akamtoa kuku mwekundu, akaenda naye hadi alipokuwa mshtakiwa, na hakuna aliyemzuia.

"Thoya," alisema, "mtani wetu. Umetusaidia kulia. Pokea, ufunge."

Thoya akapokea kwa mikono miwili. Alisimama vile, amemkumbatia kuku kifuani, watu wote wakimngoja aseme neno la kuchekesha. Uso wake ukaanza kuvunjika polepole, kuanzia kidevuni. Akalia. Alilia kwa sauti kubwa, kilio cha miezi mitatu, na Kadzo akashika ukingo wa kizimba akalia naye. Ngala akamtazama jaji kama anayeuliza hilo nalo alifasiri vipi. Mahfudh, aliyekuwa ameandika maswali arobaini, aliketi chini kwa sababu hakuyaona tena maandishi.

Zamu ya Thoya kujitetea ilifika baada ya chakula cha mchana. Alikula kiapo kuku akiwa bado kwapani, maana alikataa kabisa kumwacha na askari.

"Asubuhi ile ilikuwa imenyesha," alisema. "Vidato vya kupandia mnazi vilikuwa vinateleza. Nikamwambia Baya, ngoja jua. Akaniambia, wewe ndiwe unayeuogopa mti, mimi mti huniogopa. Nikacheka, nikageuka kuushika mnazi wangu. Nilikuwa bado nacheka alipoanguka." Akamweka kuku sawa kwapani. "Kibuyu chake kiko juu mpaka leo, na kotama, kisu chake cha kugemea. Hakushuka navyo."

"Miezi mitatu," alisema wakili wa serikali, "na hakuna hata mtu mmoja aliyepanda kuvichukua?"

Thoya akamtazama kwa huruma. "Nani apande mnazi wa marehemu ambaye matanga yake hayajaondoka? Na yangeondoka vipi, na mimi mmenifungia?"

Polisi walikuwa wameikagua ardhi yote ya pale kwa makini, kila jani na kila jiwe. Hakuna aliyeinua shingo. Basi kesho yake mahakama nzima ilihamia Mwakirunge: jaji na mwavuli, wazee wa baraza, mawakili wawili na majoho mkononi, Thoya na pingu zake, na nusu ya Kisauni nyuma yao. Jaji akaamuru mnazi upandwe. Koplo akajitolea kwa moyo mweupe, akapanda vidato viwili, akatazama chini, akashuka akasema kwamba kwao miti inazaa matunda chini chini. Wagema wa pale walikataa kuugusa kabla ya matanga kuondolewa rasmi, na Thoya hakuweza kuruhusiwa apande kwenda kuutafuta ushahidi wake mwenyewe.

Ngala alishusha pumzi. Akavua viatu, akaviweka pamoja, akakunja suruali, tai akaitupa mgongoni. Babake alikuwa mgema, jambo alilokuwa amelificha mahakamani kwa miaka minne. Yeye hakuwa mtu wa mji ule, na matanga yale hayakumfunga. Alipanda kwa dakika moja. Kisha sauti yake ikatoka kwenye makuti, kwanza kwa Kirabai, halafu kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza, maana kiapo ni kiapo: kibuyu kipo, kimefungwa kwa kamba, kimejaa maji ya mvua na nyuki waliokufa, kotama ipo, imeota kutu ndani ya karara, ganda la ua la mnazi, ilikochomekwa, na kidato cha mwisho cha juu kimemeguka, kipande kimeondoka chote.

Wakili wa serikali alitazama juu muda mrefu, akaomba maji ya kunywa.

Waliporudi mahakamani wazee wa baraza waliulizwa mmoja mmoja. Hana hatia, alisema wa kwanza. Hana hatia, alisema wa pili. Mzee wa Changamwe alisema hana hatia, na kwamba polisi wapelekwe matangani wakafundishwe kucheka. Jaji aliandika lile la kwanza na lile la pili, na la tatu aliliandika nusu. Kisha akamwambia Thoya kwamba yuko huru. Koplo alikuwa wa kwanza kumshika mkono. Alisema kwa haya kwamba angelipata mtu wa kumweleza angelikwisha kulifunga daftari siku ile ile, na Thoya akamwambia apeleke salamu kwa miti ya kwao.

Matanga ya Baya yaliondolewa Jumamosi. Mahfudh alialikwa, akaja na Bi Kuluthum, ambaye dakika ya pili tu alikuwa jikoni na wanawake akionja na kukosoa. Ngoma ilikuwa inapigwa na watu wanakula. Thoya alikuwa amekaa peke yake nyuma ya nyumba, kando ya kuku mwekundu aliyefungwa mguu kwa uzi. Hakuna aliyekuwa tayari kumchinja.

"Umeokoka," alisema Mahfudh. "Mbona umejitenga?"

"Nawaza, bwana wakili." Thoya aliuchezea ule uzi. "Baya ndiye aliyekuwa mtani wangu, kama mimi nilivyokuwa wake. Tulikubaliana tangu tukiwa vijana. Siku yangu ikifika, nani atasimama kaburini anitukane? Nitafukiwa kimya kimya, kama mtu asiye na watu. Kule ndani kitanzi sikukiogopa sana. Nililiogopa hilo."

Swali hilo halikuwamo katika vitabu vya Mahfudh. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akakaa chini mchangani na suti yake.

"Nitasimama mimi," alisema.

Thoya akamgeukia.

"Nitasema nimekuua mimi," Mahfudh aliendelea, akitafuta maneno kama anayepapasa gizani. "Kwa maswali. Nitasema kwamba ulikuwa mteja mbaya kuliko wote, na kwamba ulinibebesha kuku mzima mzima, na mimi nimevaa suti."

"Watakukamata."

"Namjua wakili mmoja. Si mzuri, lakini ana bahati."

Thoya alimtazama, uso kavu, akimpima. Akaunyoosha mguu wake wenye sugu mbele ya pua ya wakili.

"Hujui kutukana hata kidogo," alisema. "Miguu yangu hukuitaja. Hebu anza upya, uanzie hapo."

Mahfudh akaitazama ile miguu, akavuta pumzi, akaanza.